Mstari wa Tano

Jumatatu, 3 Machi

Nina miaka sabini na sita. Nimewazika mameneja wa ghala wanne. Nimeshuhudia mizani mbili za chuma zikichakaa mpaka zikauzwa vipande vipande. Rundo la saruji liliniangukia mgongoni, magunia kumi na tisa, nikainuka nikajipangusa vumbi. Meneja ndiye aliyezimia. Meno yangu yamebaki kumi na moja, na yote nilizaliwa nayo. Yaani, yaliota yenyewe.

Daftari hili si la mambo yangu. Mwalimu wa kusema ndiye kaagiza linunuliwe, niandike kila neno atakalotamka mke wangu. Tangu kiharusi kimpige mwezi wa kumi na mbili hajatamka hata moja. Mkono umerudi. Mguu unaburuta kidogo. Akili iko yote — mpunje sukari kwenye chai uone atakavyokukodolea macho mpaka uongeze. Maneno tu ndiyo hayatoki. Kwa hiyo daftari tupu. Nikasema karatasi isiharibike bure, nianze kuandika ya kwangu kutokea nyuma. Hakuna wa kuyasoma. Mwandiko wangu hata mimi unanipa taabu.

Huyo mwalimu yuko hospitali kubwa, safari ya siku nzima. Mke wangu hawezi safari hiyo mara mbili kwa wiki. Basi anafundisha kwa video, Jumanne na Ijumaa, saa nne asubuhi. Simu humu ndani inashika dirishani tu, tena usimame kwa ncha za vidole. Binti yetu, mkunga, anakaa mji mwingine, kasema atalipia intaneti ya nyumbani. Akataka aombe ruhusa kazini aje kuichagua mwenyewe. Nikamwambia, mwanangu, baba yako kapokea magunia miaka thelathini na minane na hajasainia gunia pungufu hata moja.

Kacheka. Kasema, haya baba, lakini siku hizi wauza intaneti wamelazimishwa kutoa lebo, inaonyesha unanunua nini hasa. Uisome yote.

Mimi! Nifundishwe lebo!

Jumatano, 5 Machi

Nimenunua.

Duka ni lile la kona, lenye vioo. Tumekwenda polepole, mke wangu kanishika mkono, tukapumzika mara tatu. Kumbe lebo zenyewe zimebandikwa ukutani, safu nzima, kila moja na fremu nyeusi. Nikajiona niko ghalani. Mwanamke wa kaunta kampa mke wangu kiti, kampa na maji. Ana adabu. Kanitolea lebo yangu kwenye karatasi. Kasema, mzee wangu, ngoja tuisome pamoja mstari kwa mstari, ndiyo utaratibu wetu.

— Tuisome pamoja? Wewe ulikuwa hujazaliwa mimi nasoma lebo.

Watu wawili kwenye foleni wakacheka. Walicheka upande wangu.

Nikaisoma kama inavyosomwa lebo ya gunia. Gunia lina namba kubwa juu: hamsini. Maana yake kilo hamsini. Hayo ndiyo ya mpokeaji. Chini ya mshono kuna maandishi mengine, ya kiwanda: siku lilipojazwa, mashine ipi, zamu ya nani. Hayo ni ya wao kwa wao. Sikuwahi kuyasoma na ghala halikuwahi kupungukiwa. Basi: jina la kifurushi, nimeona. Bei ya mwezi, nimeona, binti kaikubali. Kasi, thelathini. Mkataba, miezi kumi na miwili. Chini yake kuna maneno ya kiwanda.

Nikatia sahihi palipoandikwa nimesoma na nimeelewa. Sahihi yangu ile ndefu yenye mkia. Mlipaji akaandikwa binti. Lebo nimeikunja mara nne, nikaitia mfuko wa shati.

Njiani mke wangu hakutaka kunishika mkono. Kachoka.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi wa intaneti kaja saa mbili, kafunga kisanduku chao juu ya kabati. Kina taa nne za kijani. Binti alikuwa ameshatuma tableti, nikaiegemeza kwenye birika.

Saa nne kamili mwalimu katokea. Sura safi kama yuko upande wa pili wa meza! Kijana, miwani, sauti ya upole. Kasogeza mdomo karibu na kioo. Kasema, mama, tazama midomo yangu tu, usitazame kitu kingine. Kaibana. Kaiachia. Ma. Mke wangu anatazama. Anabana. Jasho linamtoka. Mara ya ishirini hivi — nilikuwa nahesabu — ikatoka. Ma.

Nimeandika mbele ya daftari, ukurasa wa kwanza: MA. Nikaenda uani nikajifanya nafunga bomba.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, kaja kuona kisanduku. Hakuamini. Nikamwambia, taja kitu chochote duniani. Kasema meli kubwa zinavyopakuliwa. Haya, hiyo hapo! Winchi, makontena, wapagazi wenye helmeti. Nikamwonyesha makosa yao yote. Wanapanga vibaya, rundo la namna ile kwetu ningelibomoa. Kaleta na mkewe. Wamekaa mpaka saa kumi.

— Haikati? kaniuliza.

— Ikate kwangu? Nimechagua mwenyewe hiyo.

Jumanne, 11 Machi

MAJI. Neno zima! Kalisema kwa mwalimu, halafu kalisema tena kwangu huku ananyoosha kidole kwenye jagi. Nikamletea glasi tatu.

Mwalimu kataka kusema na mimi pembeni. Kasema, baba, miezi hii ya mwanzo ndiyo yenyewe. Ubongo unatafuta njia mpya sasa hivi. Tukilegea sasa, baadaye itakuwa kazi ngumu sana, huenda yasirudi. Kasema tena kwamba wagonjwa wanaosubiri ni wengi, anayekosa vipindi vinne mfululizo hospitali inampa mwingine nafasi yake. Si yeye anayeamua.

Nikamjibu, kijana, katika nyumba hii hakuna atakayekosa.

Jumapili, 16 Machi

Wiki nzima nyumba imejaa. Fundi cherehani hahamii kwangu kwa sababu ya mkewe tu. Saa tatu asubuhi kafika, anakuja na nguo za wateja anazipinda hapahapa. Tumeona ujenzi wa madaraja, mieleka, watu wanaochimba mitaro kwa mashine. Wakati mwingine tunatoka kunywa chai tunaiacha yenyewe iendelee kuongea.

Maneno ya mke wangu sasa manne: maji, moto, mama, na "toka" — hilo kamwambia fundi cherehani. Tulicheka mpaka fundi akajichoma sindano.

Jumanne, 18 Machi

Siku mbaya.

Saa nne mwalimu katokea, kaanza, "Mama, leo tuta—" na hapo kaganda. Mdomo wazi. Sauti hakuna. Kaduara kanazunguka katikati ya uso wake. Sura yake ikameguka vipande vipande kama kivuli kwenye maji, ikarudi, ikaganda tena.

Mke wangu aliambiwa atazame midomo. Anatazama. Midomo imeganda wazi, na yeye kafungua wa kwake vilevile. Kakaa hivyo. Anasubiri. Nikamwambia basi, mama, funga. Hafungi. Anadhani ndilo somo. Nikaugusa mdomo wake na kuufunga kwa mkono wangu.

Nimezima kisanduku, nimewasha. Nimekipiga kofi. Nimejaribu simu dirishani, sura ya mwalimu ilikuwa kama moshi. Nimewapigia wenye intaneti, nimesikilizishwa muziki mpaka chaji ikaisha.

Kipindi kimoja kimekwenda.

Jumatano, 19 Machi

Nimekwenda dukani na fundi cherehani awe shahidi. Sikupanga foleni. Nikasema kwa sauti ili wote wasikie, nimeuziwa gunia lenye mchanga!

Mwanamke wa kaunta hakupandisha sauti. Kasema, shikamoo mzee wangu. Kauliza, ile lebo unayo? Ninayo! Nikaitoa mfukoni, nikaipiga mezani. Kasema, basi naomba unisomee mstari wa tano.

Nikasema sina miwani.

Fundi cherehani, mtu wa ajabu huyu, kavaa ya kwake kasema leta, Bwana Ghala, nikusomee. Nikashindwa kumkanyaga mguu kwa wakati. Kasoma mbele ya duka zima, kwa sauti ile anayosomea vipimo vya suruali:

— Kiasi cha data kwa mwezi ni giga sitini. Zikiisha, kasi itashuka hadi nusu megabiti mpaka mwezi mpya wa malipo uanze.

Foleni nzima ikanigeukia.

— Imeandikwa kwa herufi ndogo, nikasema.

Fundi kaigeuza huku na huku. Kasema, mbona ni sawa na nyingine zote.

Mwanamke kageuza kompyuta yake tuone. Giga sitini ziliisha juzi Jumatatu. Masomo ya mke wangu yote, kasema, hayafiki hata giga nne. Zilizobaki ni video za mchana. Mchana, mchana, mchana. Fundi cherehani kaanza kutazama feni ya darini kama anataka kuinunua.

Mwezi mpya ni tarehe saba ya mwezi wa nne. Nikahesabu kwa vidole chini ya kaunta. Vipindi vitakuwa vimekwenda sita. Vinne vinatosha kumtoa.

Kasema, lakini mzee wangu, lipo jambo rahisi. Unahamia kifurushi kisicho na kikomo, saa moja tu kinaanza. Ila mlipaji ni binti yako, lazima akubali yeye mwenyewe kwa simu. Mweleze tu ilivyokuwa.

Mweleze tu ilivyokuwa. Rahisi kwake.

Ijumaa, 21 Machi

Kipindi cha pili kimekwenda. Mke wangu kajitengeneza, kavaa, kakaa mbele ya tableti tangu saa tatu na nusu. Duara likazunguka. Nikaizima.

Jumapili, 23 Machi

Binti kapiga. Mwalimu kamwandikia kwamba mama hakuonekana mara mbili. Kauliza, baba, kuna nini? Mke wangu kakaa hapa, spika iko wazi, kwa sababu anapenda kusikia sauti ya mwanawe.

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia. Maneno yalikuwa mdomoni.

Kauliza, giga zimekwisha? Lebo si ulisoma yote? Na sauti yake — sijui. Ile ya mtu mzima anayemuuliza mtoto kama kanawa mikono. Nikasikia nimesema: hiyo lebo hawakunionyesha. Walinipa karatasi ya kusaini tu.

Mke wangu kapiga meza kwa mkono wa kushoto. Kikombe kikaruka.

Binti kauliza, nini hicho? Nikasema mama yako kachoka.

Kakasirika yule! Si kwangu, kwao. Kasema sheria iko wazi, kumuuzia mzee bila lebo ni kosa, anapeleka malalamiko leo leo kwa mamlaka ya mawasiliano. Kasema, pole sana baba, wamekuonea. Nikasema ndiyo, wamenionea.

Kwa dakika kumi hivi nilijisikia vizuri.

Jumanne, 25 Machi

Cha tatu.

Alhamisi, 27 Machi

Mambo matatu leo.

La kwanza, nimekwenda dukani kinyemela kuuliza kama naweza kuhamisha kifurushi bila mlipaji. Kaunta kakaa kijana nisiyemjua. Nikauliza yule mama yuko wapi. Kasema katolewa kaunta mpaka malalamiko yaishe, anadaiwa kamuuzia mzee mmoja bila kumpa lebo. Kanitazama. Sijui kama alijua. Kasema pia kwamba akaunti yenye malalamiko hairuhusiwi kubadilishwa kitu, inaweza kuchukua siku thelathini. Labda aliyelalamika ayafute mwenyewe. Hapo ni saa moja tu.

La pili, mwalimu kapiga simu ya kawaida. Kasema, baba, kesho ni cha nne. Nimewaomba wasubiri, wamekataa. Nikamuuliza, hivi hayo maneno manne aliyonayo hayakai? Kasema, umemsikia akiyasema wiki hii?

Sijamsikia. Baada ya simu nikamwendea na jagi. Nikasema, hii nini, mama? Kabana midomo. Kaiachia. Haikutoka kitu. Kabana tena. Halafu akaangalia pembeni.

La tatu, ofisa wa mamlaka kapiga saa tisa. Mstaarabu, anaandika kila ninachosema, nasikia vidole vyake. Kauliza, mzee, unathibitisha kwamba hukuonyeshwa lebo? Nikasema laini inakatika. Haikuwa inakatika. Kasema sawa, nitakupigia kesho asubuhi, uniambie na jina la mtu anayeweza kushuhudia maelezo yako.

Fundi cherehani kaja jioni. Hakuomba video. Kakaa, kapinda upindo wa gauni. Mwisho kasema, Bwana Ghala, wakinipigia mimi nitasema nilichosoma. Nikamwita msaliti. Kasema haya, na kile kishikizo cha shati langu kilichokuwa kinaning'inia kakishona kabla hajaondoka.

Ijumaa, 28 Machi

Saa mbili na robo asubuhi. Mke wangu ameshavaa. Kajifunga kitambaa kile cha bluu. Kakaa mbele ya tableti na saa nne bado mbali. Hajui kwamba leo ndiyo ya mwisho. Au anajua. Ni nani atauliza na yeye ajibu?

Ninaandika kwanza kwa sababu nikiongea bila kuandika ulimi wangu unapinda njiani. Nimeliona hilo Jumapili.

Lebo nilionyeshwa. Niliwekewa mkononi. Mwanamke wa kaunta alitaka kunisomea mara mbili, siyo mara moja. Mara ya pili sikuiandika humu. Alisema kwa sauti ya chini, ili wale wa foleni wasisikie: baba, huu mstari wa tano ndio unaowaumiza wengi. Na mimi nikamjibu kwa sauti ya juu, ili wasikie.

Herufi zilikuwa sawa na nyingine.

Na hili lingine. Namba nazisoma kama maji. Maneno yakiwa mengi, yamefuatana, nachoka mapema, na nimekuwa hivyo siku zote. Ghalani kulikuwa na karani. Yale maandishi chini ya mshono nayasema ni ya kiwanda kwa sababu sikuwahi kuyamaliza. Hakuna aliyejua ila mtu mmoja, ambaye kwa miaka hamsini na moja kanisomea barua zote za nyumba hii, na za shule, na za mirathi, na kila mara alianza kwa kusema "ulivyosema mwenyewe jana," hata kama sikusema.

Siku ile dukani huyo mtu alikuwa kiti cha pembeni yangu. Kalamu ilipogusa karatasi alinivuta shati. Nikautoa mkono wake. Akanivuta tena, akaweka kidole kwenye mstari wa tano, akafungua mdomo. Nikatia sahihi. Ndiyo maana hakutaka kunishika njia nzima.

Nguvu za kubeba ninazo mpaka leo. Gunia la kilo hamsini nitalinyanyua mbele ya yeyote anayebisha. Hili la kumpigia mtoto simu nimelizunguka tangu alfajiri.

Nimesimama dirishani, simu inashika. Nimebonyeza. Inaita.

Ofisa atapiga baadaye, atataka majina. Haya hapa. Mwanamke wa dukani, wamrudishe kaunta, anajua kila kitu. Fundi cherehani, alisoma kwa sauti mbele ya watu. Na mke wangu, ambaye aliona yote kabla ya wote. Huyo nimeshageuza simu nikawasha spika ili asikie ninachosema, agonge meza nikikosea.

Inaita bado. Labda yuko chumba cha kuzalishia. Saa mbili na dakika arobaini.

Kapokea. Kasema, "Baba? Mama ana nini?"